Mwezi wa Tano wa Mtukufu

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Msiitafute. Na akitokea mtu akasoma akaona inafanana na ile anayoilipia kodi, basi macho yake yana hitilafu, akapimwe. Ila asije kupimwa kwenye zahanati ya kwetu. Kwa nini, nitaeleza.

Mimi naitwa Masunga, wa Bonde la Igumo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo makubwa ya serikali siyaelewi. Nayaona tu yanapopita, na mengi yamepita juu ya mgongo wangu.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo kulikuwa na Mtukufu Mlezi wa Taifa. Ujanani alipelekwa Uingereza, shamba huko, si mjini, kusomea mambo ya maziwa. Alikaa miaka miwili. Waliokuwa wakipokea barua zake wanasema alikuwa analia baridi, analia upweke, anaomba atumiwe dagaa. Lakini miaka hamsini ni mingi jamani. Baridi ilikauka, upweke ukasahaulika, dagaa wakasahaulika, kichwani kikabaki kilima cha kijani, kondoo weupe, manyunyu, na bibi mmoja muuza mikate aliyemwambia siku moja, akimpa chenji, kwamba leo kuna mawingu. Inasemekana huyo ndiye Mwingereza pekee aliyemsemesha kwa hiari yake.

Ofisini kwake alitundika kalenda ya miaka hiyo, iliyofunuliwa mwezi wa tano. Hakuifunua tena. Taifa lote likifika Desemba, kwake bado ni mwezi wa tano. Na picha ya mwezi huo ni kijiji cha Kiingereza: kilima, nyumba za nyasi, kondoo, na mistari ya ua wa majani inayokata mashamba kama mishono ya nguo.

Siku moja Mtukufu aliitazama ile picha, kisha akatazama nje dirishani akatuona sisi. Wanasema alihuzunika sana.

Wiki ile ile ikaundwa Wizara ya Mandhari na Kumbukumbu Tamu. Wizara ikatafuta bonde la kulirudisha kama zamani. Zamani ya nani, hatukuambiwa. Igumo tuna kilima kimoja. Hicho kimoja kilitosha kutuponza.

*

Tuliletewa Ofisa Mandhari wa Wilaya, Bwana Deodatus, kijana mnene kidogo, koti la sufu juani, miguuni buti za mpira mpaka magotini. Mkononi alikuwa na ile picha ya kalenda. Siyo yenyewe, kalenda yenyewe haitoki ofisini. Ni nakala ya mashine, tena nakala ya nakala, nyeusi na nyeupe, na kwenye kilima palikuwa na doa la wino ambalo kwa mwezi mzima tuliambiwa ni ng'ombe, mpaka waraka ukaja kusema si ng'ombe.

Alianza na kondoo. Kondoo wetu wana mkia mnene na manyoya mafupi ya rangi ya udongo. Wa kwenye picha ni weupe, wamevimba. Ikaamriwa wa kwetu wapakwe uji wa muhogo wabandikwe pamba. Tulibandika siku mbili, kijiji kizima, tumeacha kupalilia. Siku ya tatu tukakuta wameshakulana makoti.

Kisha yakaja mapaa. Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapoumia. Miaka minane nyuma serikali hii hii ilituchomea nyumba zetu za nyasi. Mgambo walipita na vibiriti wakisema nyasi ni aibu ya taifa, kila mtu aezeke bati. Tukauza mbuzi, tukaezeka bati. Sasa Bwana Deodatus anasimama juu ya kreti la soda anatutangazia:

"Ndugu wananchi! Bati ni adui wa jicho! Bati linang'aa! Kwenye picha hakuna kitu kinachong'aa!"

Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo turudishe nyasi zetu, mkuu?"

"Zenu zile zilikuwa nyasi za umaskini. Hizi zitakuwa nyasi za mandhari. Mtaalamu atakuja kuezeka."

Jengo lenye bati kubwa kuliko yote bondeni lilikuwa zahanati. Likaezuliwa kwanza, ili liwe mfano. Sista Ediltruda, muuguzi wetu, akahamishiwa wizara mpya kuwa Mpimaji wa Kijani. Mtaalamu wa nyasi akawa anasubiriwa.

Mke wangu Nyamizi alipata homa siku ya Jumapili. Jumatatu nilimpakia kwenye baiskeli, nikamfunga kiunoni kwangu kwa khanga asianguke, nikaendesha mpaka zahanati. Mlangoni palikuwa na kibao kizuri, maandishi ya kukolea: IMEFUNGWA KWA AJILI YA UZURI. Kwa kuwa paa hakuna, niliona ndani kupitia juu ya ukuta. Kitanda kipo, mzani wa watoto upo, na mbuzi wawili wamelala kivulini.

Nyamizi akaniambia, "Baba Ng'wandu, nirudishe nyumbani, hapa jua kali."

Alifariki Jumatano, tarehe kumi na mbili. Nimeshaulizwa mara nyingi kama nina uhakika angepona. Sina. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mlango, na ulikuwa umefungwa.

*

Kwetu Igumo mtu akizikwa, kichwani mwa kaburi hupandwa mnyaa. Mnyaa hautaki maji, hautaki mtu, ng'ombe haugusi kwa ajili ya utomvu wake. Palipo na mnyaa pamelala mtu, hata mtoto anajua. Hupigi mluzi hapo, huwashi moto mbele yake, unavua viatu, unakaa chini, unanyamaza.

Na mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mke kama mimi, anakaa mwaka mzima hanyoi ndevu, hampi mtu mkono, hakalii kiti. Mwaka ukitimia siku ile ile, anavunja tawi la mnyaa wa mkewe kwa mkono wake, shangazi wa marehemu akiwa anaona. Tawi analipanda mlangoni kwake. Kisha shangazi anamnyoa, na mtu anarudi kuwa mtu. Basi. Ndiyo dini yetu ndogo, haijawahi kumuudhi yeyote.

Lakini mwezi ule ule wa msiba ulishuka waraka wa maamkizi. Kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za ugonjwa, ikawa marufuku bondeni, kwani Mwingereza wa shamba hamuulizi mtu mambo ya ndani. Atamwambia hali ya hewa tu. Wapelelezi wakamwagwa visimani.

Kwa hiyo jirani yangu Mzee Lubango, tuliyetahiriwa naye siku moja, alikuja kunipa pole ya Nyamizi. Mpelelezi yuko mita tatu, ameshika mwavuli. Lubango akasimama mbele yangu.

"Masunga," akasema, "leo kuna mawingu."

Jua lilikuwa linapasua mawe.

"Ndiyo, ndugu yangu," nikasema. "Kuna mawingu mengi sana."

"Yatapita."

"Sijui, Lubango. Sijui kama haya yatapita."

Mpelelezi akaandika kwenye daftari kwamba tumefaulu.

*

Miche ya ua wa Kiingereza ilifika mwezi wa nne baada ya msiba, elfu tatu, ndani ya maboksi, kila boksi limefunikwa mwavuli wake. Ilikufa kwa siku tisa. Bwana Deodatus akawa haonekani kwenye chai ya saa kumi, ile ya Kiingereza tuliyoamriwa kunywa kila siku. Alipotokea tena alikuwa amekonda, na alikuja moja kwa moja kwangu, pale kaburini nilipokuwa nimekaa.

Akainua ile nakala nyeusi akaitazama, akatazama kaburi.

"Mzee, kwenye picha hii kuna kaburi?"

"Picha yenyewe siioni vizuri mkuu, ni wino mtupu."

"Nakuuliza lipo au halipo?"

"Halipo."

"Basi hata hapa halipo. Kesho kutwa lisiwepo. Mtukufu anakuja kuzuru bonde, na dirisha la gari lake litatazama huku."

Nikamwangalia vile alivyokonda. Nikamuuliza, "Na hiyo mistari inayokata kilima, mkuu, ni kitu gani?"

"Huo ndio ua. Ua wenyewe ndio umekufa. Na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Mbona mnyaa huu hapa ndio wenyewe?"

"Upi?"

"Huu. Aliuleta mzungu wa misheni enzi za babu. Kwao umeota mpaka barabarani." Mungu anisamehe. Mwongo sikuwa, lakini nilikuwa na siku mbili tu.

Alifumba jicho moja, akaiweka picha kando ya mnyaa, akasogea nyuma, akasogea mbele. Nakala ile ungeiweka hata kando ya mbuzi ingefanana.

"Unamwagiliwa?"

"Haujawahi kuonja maji."

"Mzee Masunga!" Alitaka kunikumbatia. Nikarudi nyuma, mfiwa hashikwi. Akafurahi zaidi. "Na hukumbatii! Wewe tayari ni wa shamba la Uingereza!"

Kaburi likapona. Nilidhani nimeshinda, mnaona. Mtu wa darasa la nne akidhani ameishinda serikali, akae chini ahesabu vidole vyake.

Vibarua wa mjini walikata minyaa ya makaburi ya zamani, wakaipanda mistari kilima chote, mashambani, kando ya kisima, kuzunguka shule. Wawili wao waliingiwa na utomvu machoni wakavimba nyuso. Taarifa iliyopanda wilayani ilisema ni vumbi. Iliyopanda mkoani ilisema vibarua wameguswa na uzuri wa kazi. Iliyofika kwa Mtukufu sijui ilisemaje.

Sisi tulipoamka na kuona bonde zima limepandwa mnyaa, tulifanya vile mtu angefanya. Tulivua viatu. Watoto wakaacha kupiga kelele shuleni. Wanawake wakazima majiko, wakawa wanaenda kupikia ng'ambo ya mto. Hakuna aliyelima, nani atalima makaburini? Lubango akaniuliza chini chini, "Masunga, wamekufa watu wangapi?" Uwongo ule ulikuwa wangu.

Na mnyaa wa Nyamizi ukapewa cheo. Ukazungushiwa kamba, ukawekewa kibao: UA MAMA WA TAIFA. USIGUSWE. Wala wasikate hata kipande. Nikaenda ofisini kwa Bwana Deodatus, nikakaa sakafuni.

"Mkuu, tarehe kumi na mbili mwaka unatimia. Ninaomba nivunje tawi moja. Dogo tu, la kidole."

"Tawi la Ua Mama?"

"La mke wangu."

"Mzee, ungekuja wiki iliyopita ningekuandikia kibali. Sasa imeshatoka ratiba. Mtu wa kwanza kuugusa ni Mtukufu mwenyewe, siku ya ziara."

"Ziara ni lini?"

Akafungua daftari, akaangalia, akafunga. "Tarehe kumi na mbili."

*

Alikuja na magari arobaini, na mbele yake gari la zimamoto. Nyumba zetu zilipochomwa hatukuliona. Siku hiyo lilikuwa na kazi ya kurusha manyunyu hewani ili Mtukufu apite chini yake na mwavuli.

Huko kwingine alikokuwa akipita, wanamwimbia, wanamtandikia khanga. Igumo alikuta watu mia nane wamekaa chini, peku, wamejifunika, kimya. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyempa mkono. Chai ya saa kumi ililetwa imepoa, maana imechemshiwa ng'ambo ya mto. Bwana Deodatus alikuwa amekufa huku amesimama.

Mtukufu alitembea katikati ya ukimya ule akitabasamu kama mtoto. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu. Nimezunguka mikoa yote, nimeimbiwa mpaka masikio yanauma. Kwenu tu ndipo nimekuta ustaarabu. Hakuna anayenitazama usoni. Hakuna anayetaka kunishika. Hakuna anayetaka kujua habari zangu. Na chai ni baridi, kama ile ya nyumba niliyopanga! Nimerudi! Ndugu zangu, nimerudi!"

Kisha akaongozwa kwenye Ua Mama. Shangazi Kabula, shangazi yake Nyamizi, alikuwa ameshakaa hapo tangu asubuhi, wembe kaufunga kwenye pindo la khanga yake, akinisubiri mimi. Nilikuwa nyuma ya kamba, hatua nane.

"Mabwana wa shamba kule," Mtukufu akamwambia Bwana Deodatus, "wakitembea huchuma kijitawi wakachomeka kifuani." Na mkono wake ukaenda kwenye mnyaa.

Nikaruka. "Usivunje! Baba, usivunje hilo! Na usijishike macho!"

Mlinzi akanidaka shingo. "Zungumza hali ya hewa tu, mzee!"

"Utomvu! Mwambieni utomvu!"

"Hali ya hewa!"

Tawi likalia *tak*. Utomvu mweupe ukamchuruzika vidoleni. Akalichomeka kwenye tundu la kifungo cha koti, akavuta pumzi kubwa ya Uingereza yake, na kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa, akafuta chozi moja kwa vidole vile vile.

Tulihesabu kimoyomoyo. Hatukufika sita.

Alilia. Alilia jamani, machozi yanamwagika kidevuni, mabega yanaruka, kamasi. Watu wote wakainamisha vichwa kwa heshima, kwa sababu katika maisha yetu hatujaona mgane aliyelia vile. Shangazi Kabula akaanza kusimama, taratibu, ameshika wembe.

"Shangazi!" nikaita. "Siyo huyo! Mgane ni mimi!"

Akageuka. "Amevunja nani?"

"Amevunja yeye, lakini shangazi..."

"Analia nani?"

Nikajishika uso. Mkavu. Mwaka mzima hasira ilikuwa imekunywa maji yote.

"Basi," akasema, akaenda kwa Mtukufu, akamwekea mkono begani. "Pole, mkwe. Nyamizi alikuwa mwanamke mwema. Kaa chini nikunyoe, yaishe."

Mtukufu alikuwa haoni kitu. Alifumbua macho yale mekundu, akayafumba, akafumbua tena, uso ukamng'aa.

"Ukungu," akanong'ona. "Deodatus, ukungu umeshuka! Ukungu wenyewe!" Akapapasa mkono wa Shangazi Kabula, wa kikongwe, mkavu, na sauti yake ikawa ya kijana wa miaka ishirini. "Mama wa mikate? Ni wewe? Leo kuna mawingu, mama."

"Yapo, mwanangu," akasema Shangazi Kabula. "Kaa chini."

Na angekaa, nawaambia. Goti moja lilikuwa limeshakunjika. Lakini walinzi walikuwa wameuona wembe. Wakambeba juu juu kama gunia, magari arobaini yakageuka ndani ya manyunyu, na tawi likaanguka kwenye nyasi.

*

Redio ilisema Mtukufu alilia kwa mapenzi ya mandhari. Sasa tarehe kumi na mbili ni sikukuu, na maofisa wa wilaya zote wanatakiwa kulia mbele ya ua. Wanaoshindwa wanapakwa utomvu machoni.

Tawi nililiokota. Nikalipanda mlangoni kwangu. Shangazi Kabula alisema halihesabiki, aliyevunja ndiye mwenye msiba, na mpaka huyo anyolewe hawezi kuninyoa mimi. Lakini mnyaa haujui hayo, ukashika. Ulipofika kimo cha goti akaja Bwana Deodatus, sasa ni Ofisa Mandhari wa Mkoa, akaupima, akasema ni mtoto halali wa Ua Mama wa Taifa. Akafunga kamba. Kamba imepita mbele ya mlango wangu. Nina miaka sitini na nane, naingia nyumbani kwangu kwa dirisha.

Niliandika barua Ikulu ya nchi hiyo. Mwanangu Ng'wandu alinisaidia herufi. Niliomba Mtukufu aje anyolewe, au atume kidevu chake kwa njia yoyote watakayoona inafaa, ili msiba urudi kwangu. Nilijibiwa kwa muhuri. Ombi limepokelewa. Niambatanishe cheti cha kifo kilichotolewa na zahanati ya karibu.

Nilikwenda. Kibao bado kipo. Mtaalamu wa nyasi bado anasubiriwa. Mbuzi sasa ni watano.

Ndevu zangu zimefika kifuani. Watu hawanipi mkono, kiti sikalii, Lubango akinipita ananiambia mawingu, na ninajua anachosema. Nyamizi yuko kule juu, ndani ya kamba, na mimi si mgane wake tena, wala si mtu mwingine.

Sidai mengi. Shangazi Kabula ana miaka themanini na tatu, na asubuhi hizi anakohoa. Wembe bado anao kwenye pindo la khanga. Mwambieni Mtukufu afanye haraka.